Somo: Kuchagua na Kukokota Trela la Kulala la Kukodi, Kutoka Nairobi Hadi Naivasha

Tangu shule zifungwe, kila jioni naulizwa kama gari aina ya Subaru Forester itavuta trela la watu watano. Naandika jibu mara moja hapa, na atakayeuliza tena nitamrudisha kwenye hatua ya kwanza.

Hatua ya 1. Anza na gari, usianze na idadi ya vitanda. Kitabu cha gari hutaja uzito linaloruhusiwa kukokota kwa namba mbili: moja ni ya trela lenye breki zake, na nyingine ni ya trela lisilo na breki, ambayo kwa magari mengi ya familia haizidi kilo 750. Kwa kuwa magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, huenda kitabu hakipo au kimeandikwa Kijapani. Basi mtafute fundi anayeijua modeli hiyo kwa namba ya chesisi, na usiridhike na jibu la "itavuta tu". Kumbuka pia kwamba Limuru iko juu ya mita 2,200, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari.

Hatua ya 2. Muulize mwenye trela uzito wake likiwa tupu na uzito wa juu unaoruhusiwa. Tofauti ya hizo mbili ndiyo mizigo yenu yote, pamoja na maji.

Hatua ya 3. Likague uani kabla ya kulipa. Trela lina namba yake ya usajili inayoanza na Z, na bima yako iwe imelitaja. Inama usome ubavu wa tairi: tarakimu 2319 zina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matrela ya kukodi hukaa juani miezi mingi bila kazi, kwa hiyo tairi huweza kuwa na meno mazima huku ubavu umepasuka nyufa ndogo kama ngozi ya kisigino. Likataeni.

Hatua ya 4. Unganisha, funga kifungo, pitisha minyororo ya usalama kimsalaba chini ya kiungo, chomeka waya wa taa, kisha mtu asimame nyuma akague breki na indiketa.

Hatua ya 5. Kupakia. Hapa ndipo wengi huharibu safari wakiwa bado nyumbani. Maji, mtungi wa gesi, jenereta na masanduku ya chakula vikae sakafuni, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Matandiko na nguo ndizo ziende nyuma na juu. Shabaha ni kwamba karibu asilimia 10 ya uzito wote wa trela iegemee kwenye tufe la kukokotea lililo nyuma ya gari: trela la kilo 1,200 liegemeze kama kilo 120, mradi usivuke kiwango kilichoandikwa kwenye chuma cha kukokotea cha gari lako. Kupima si kazi ngumu. Liweke trela mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe, simamisha kipande cha mbao imara juu ya mizani ya bafuni na uteremshe shingo ya trela (ile ncha ya mbele inayoshika tufe) juu yake. Ikisoma kilo 40, usiondoke; hamisha mizigo upime tena. Na usifunge baiskeli nne nyuma ya trela baada ya kupima, kwa maana utakuwa umeifuta kazi yote.

Hatua ya 6. Mteremko. Watu huogopa kupanda, ilhali hatari iko katika kushuka. Chukua barabara ya juu kupitia Kinungi, uiache ile ya Mai Mahiu yenye kona kali na malori mengi. Ingiza gia ya chini kabla mteremko haujaanza, si katikati yake. Mwenye gari la otomatiki atumie 2 au L. Kanyaga breki kwa vipindi, kisha uiachie ipoe, kwa sababu breki inayokanyagwa mfululizo hupata joto hadi ikaishiwa nguvu. Ukisikia harufu ya kuungua, egesha mahali salama usubiri.

Hatua ya 7. Mkifika, sawazisheni trela na kuzuia magurudumu kabla ya kulitenganisha na gari.

Maswali ya wanachama

*Bei gani? Na Forester itavuta?*
Bei hubadilika na msimu, mpigie mwenye trela. La Forester liko hatua ya 1.

*Mwalimu, ningedhani uzito ukiwa nyuma ndio ungelituliza trela. Kwa nini linayumba?*
Swali zuri sana, dada. Trela huzunguka kwenye kiungo chake. Basi kubwa likikupita, upepo hulisukuma ubavuni, na mzigo ulio mbali nyuma ya ekseli huendelea kwenda upande ule hata baada ya upepo kukoma, kisha hurudi kwa nguvu zaidi. Isitoshe, uzito huo huinua shingo, hivyo magurudumu ya nyuma ya gari lako hushika lami kidogo. Likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, usikanyage breki ya gari ghafla wala usijaribu kulikimbia kwa kuongeza mwendo.

*Nimeendesha lori miaka mingi. Mizani ya bafuni ni mchezo wa watoto.*
Lori lako lilipitia mizani ya serikali barabarani, ndugu. Gari la familia halipitii.

*Kurudi nyuma kunanishinda kabisa.*
Shika usukani chini kabisa, kwenye saa sita. Ukitaka trela liende kushoto, peleka mkono kushoto. Kanyagia polepole, na likikunja sana songa mbele ulinyooshe kwanza.

*Tukiwa ziwani, tuegeshe karibu na maji ili watoto waone viboko?*
Hapana, mama. Viboko hutoka majini usiku kula nyasi, kwa hiyo kaeni ndani ya uzio wa kambi na watoto wasiende ufuoni baada ya jua kutua. Fungeni madirisha pia mnapotoka, maana tumbili wa Naivasha huingia kufuata mkate.