Kabla hujajifungua, keti na atakayemwogesha mtoto

Leso, nepi, beseni: hayo mamako ashakununulia. Kijitabu cha kliniki kitie mkobani leo, si siku ya uchungu. Tafuta na dereva wa tuktuk anayekubali kuamshwa saa nane za usiku.

Kisha keti na huyo atakayekuja kukukanda na kumwogesha mtoto, mkubaliane mapema: matiti ya mtoto hayakamuliwi.

Mwanangu wa kwanza, mvulana, siku ya tano alikuwa na vivimbe viwili kifuani, kama kokwa za tende chini ya ngozi. Bibi aliyekuwa akinikanda akasema hayo ni maziwa mabaya, yasipotolewa mtoto atakua na matiti ya kike. Mimi mzazi wa juzi, nitamkatalia vipi mtu mzima? Akakamua asubuhi na jioni kwa mafuta ya nazi. Maziwa yakatoka kweli, matone mawili matatu, sote tukaona bibi ana haki. Siku ya tisa ziwa la kushoto likawa jekundu, la moto, mtoto ana homa na hataki kunyonya. Tulivuka feri ya Likoni usiku wa manane, nimemfunga kifuani kwa leso. Alipasuliwa jipu, akalazwa kwa sindano za antibiotiki. Daktari hakunifokea. Aliuliza tu, "Nani alikuwa akimkamua?"

Chanzo kilikuwa mwilini mwangu. Mimba ikiendelea, estrojeni ya mama, homoni ya kike, humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma, nayo hufurisha matiti, awe wa kike au wa kiume. Akishazaliwa hiyo estrojeni hushuka ghafla, na hapo maziwa kidogo huweza kutoka. Uvimbe hunywea wenyewe baada ya wiki chache, mara nyingine miezi. Ukikamua unayachochea maziwa, na unawafungulia njia bakteria wa ngozi.

Kushuka huko huko ndiko humfanya mtoto wa kike atokwe na ute mweupe, au matone ya damu kwenye nepi, wiki ya kwanza. Hajachezewa na mtu wala hana hedhi ya mapema. Mpanguse kwa maji, kutoka mbele kwenda nyuma, na usitie dawa yoyote ya majani. Damu ikiwa nyingi, ikiendelea siku nyingi, au ikitoka kitovuni au puani, nenda hospitali. Ukizalia nyumbani, sindano ya vitamini K, ya kuzuia mtoto kutokwa na damu, ifuate bila kuchelewa.

Chunusi za usoni, ziache.

Ulikuwa na sukari ujauzitoni? Waambie wakunga kabla. Mtoto amezoea kutoa insulini nyingi, homoni inayoshusha sukari, kwa sababu ya sukari yako, kwa hivyo sukari yake huweza kushuka saa za mwanzo. Anyonyeshwe ndani ya saa moja, na damu yake ipimwe.

Usije ukasema kila kitu ni homoni kitaisha. Umanjano uliozidi wiki mbili, mtoto mzito wa kunyonya, anayelala mno, choo kigumu: omba apimwe tezi ya shingo. Homa kwa mtoto ambaye hajatimiza mwezi haingoji kukuche. Na mkiwa mmeketi na bibi, tajeni pia vingine vya kuachwa: wanja wa machoni, vya kupaka kitovuni, asali ya kulambisha…