Jinsi ya kuipitia siku yako na Mungu kila jioni

Naanika dagaa Igombe, Mwanza, na kuwauza soko la Mwaloni, Kirumba, na kwa miaka tisa sasa naongoza sala ya jioni kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo. Swali ninaloulizwa zaidi na kina mama wenzangu ni hili: "Dada, mbona nasali kila siku na furaha siioni?" Nimeishi na swali hilo mwenyewe. Nilidhani furaha itakuja biashara ikitulia, ada ikilipwa, nyumba ikiezekwa. Nyumba ikaezekwa, nikaanza kuwaza uzio.

Kilichonisaidia ni zoezi la robo saa: kuipitia siku na Mungu kabla ya kulala. Ni zoezi la zamani. Inyasi wa Loyola, kabla hajawa mtakatifu, alikuwa askari wa Hispania, na mwaka 1521 risasi ya mzinga ilimvunja mguu vitani kule Pamplona. Akiwa kitandani anauguza jeraha aligundua jambo. Akiota sifa na fahari za askari, alifurahi kwa muda, kisha moyo ukabaki mkavu. Akiwaza kumfuata Kristo kama watakatifu walivyomfuata, furaha ilibaki hata mawazo yenyewe yalipokwisha. Baadaye akawafundisha watu kuichunguza siku kwa hatua tano. Mimi nazifundisha kwa mpangilio wa hatua sita unaotufaa sisi tunaotoka sokoni miguu inauma. Majirani zetu wa kanisa la AIC (Africa Inland Church) na Walutheri wanalifanya zoezi hili pia.

Hatua ya 1: Funga sala kwenye kazi ambayo huiachi

Ukisema "nitasali nikipata nafasi", nafasi haitapatikana. Mimi nimeifunga kwenye vyombo. Nikishaosha sufuria ya ugali, naifunika, nazima data, nakaa kibarazani. Usijaribu ukiwa umeshajilaza, maana utasinzia kabla hujafika hata saa nne asubuhi ya siku yako.

Hatua ya 2: Shukuru kwa kitu unachoweza kukionyesha kwa kidole

"Asante Mungu kwa uzima na afya" ni sala njema, lakini wengi tunaitamka huku tunawaza marejesho ya kikoba. Tafuta kitu kimoja chenye rangi, uzito au harufu. Cha kwangu jana kilikuwa mitumbwi ikirudi alfajiri, taa bado zinawaka, maji yametulia kama mafuta kwenye karai. Kitaje kwa Mungu polepole. Kimoja kinatosha, ukitaja kumi utakuwa unasoma orodha ya manunuzi.

Hatua ya 3: Omba mwanga

Sema tu: "Roho Mtakatifu, nionyeshe siku yangu kama ulivyoiona wewe." Tunaoishi ziwani tunajua kwamba dagaa wa usiku hufuata taa, ndiyo maana mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika. Usipoomba mwanga huu, robo saa yako itageuka hesabu ya mauzo au kesi ya kujihukumu.

Hatua ya 4: Tembea tena ulikopita

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Wengi huambiwa waipitie siku saa kwa saa, lakini mimi naona mahali panakumbukwa kuliko saa. Anza kitandani, nenda bombani, panda daladala, fika sokoni, rudi mezani. Kila mahali jiulize: hapa moyo wangu ulifunguka kwa nini? Ulijikunja kwa nini? Usikimbie. Ni kama kuchagua dagaa: kutoka mbali fungu zima linang'aa, lakini kokoto na nyasi huzioni mpaka uinue kiganja karibu na macho.

Nitaeleza siku moja ili uone inavyokuwa. Ilikuwa masika. Nilikuwa nimeanika dagaa juu ya nyavu chini, nikaenda kutafuta magunia, mvua ikashuka ghafla. Niliporudi mbio nikakuta turubai limeshafunikwa, ila upande mmoja maji yalikuwa yamepita. Ndoo mbili ziliharibika, nikaziuza kwa bei ya chakula cha kuku. Siku nzima niliziomboleza ndoo zile. Nikamfokea kijana aliyenibebea mzigo, nikapita watu bila salamu.

Jioni, kibarazani, nilirudi uwanjani kwa mawazo. Nikaliona turubai. Kwa mara ya kwanza nikajiuliza: nani alilifunika? Nikatazama pembe moja moja. Pembe tatu zilikuwa zimekandamizwa kwa mawe. Ya nne ilikuwa na kandambili, jozi nzima, za mkanda wa bluu ulioshonwa kwa waya. Mtu alikosa jiwe akavua viatu vyake kwenye mvua. Nami wakati wa kufunua nilikuwa nimevipiga teke pembeni.

Nililia, na ndani ya kilio kile kulikuwa na furaha ambayo kuuza gunia zima hakujawahi kunipa. Hasara ya ndoo mbili ilikuwa palepale. Lakini siku ile Mungu alikuwa uwanjani kabla yangu, na mimi sikuwa nimemwona.

Hatua ya 5: Sema machungu, kisha omba msamaha

Usiruke hapa. Kuna watu wanaofundisha kwamba Mkristo mwenye imani halalamiki, na mafundisho hayo yamewaumiza wengi. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu "hata lini?" Paulo aliwaandikia Wafilipi wafurahi katika Bwana siku zote akiwa yeye mwenyewe kifungoni, alijua minyororo ina uzito gani. Kama umefiwa, mwambie Mungu umefiwa. Hatua ya pili unaweza kuiacha usiku huo, ukakaa kimya mbele zake.

Na kama huzuni imepita wiki mbili, usingizi hauji, chakula hakishuki, nenda hospitali pia. Kumwona daktari si upungufu wa imani. Ukianza kuona afadhali ufe, usingoje hata kesho: mwambie mtu aliye karibu nawe akupeleke.

Baada ya machungu, taja kosa lako moja kwa jina lake. "Nilimfokea yule kijana" ni toba inayoshikika. "Nisamehe mimi mkosefu" peke yake inaruhusu kosa kujificha.

Hatua ya 6: Chagua tendo moja la kesho

Liwe dogo, uwe umelimaliza kabla ya saa sita mchana. Mimi nilichagua mawili usiku ule, kwa kuwa yalikuwa njia moja: kumwomba radhi yule kijana, na kumtafuta mwenye kandambili.

Kijana alicheka akasema yameisha. Kandambili nilizisafisha, nikapita nazo uwanjani nikiuliza nyavu kwa nyavu. Nilimkuta bibi mmoja anayeanika safu ya tatu kutoka kwangu, anageuza dagaa wake peku.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma. "Hizi ni zako?"

"Zangu, mwanangu."

"Mbona hukuja kuzichukua jana?"

Akaendelea kugeuza dagaa. "Ulikuwa na hasira. Nikasema ngoja nimwache, atanikumbuka mwenyewe."

Nilichuchumaa nikamvalisha. Siku hizi nyavu zetu tunazitandaza pamoja, na mvua ikitanda, yeyote aliye karibu anafunika za wote wawili.