Jinsi ya Kusoma Sheria ya Biashara ya Kimataifa Ukiwa Mombasa

Mtihani wangu wa kwanza wa somo hili niliuvuruga kwa sababu ya herufi tatu. Swali lilihusu vigae vilivyouzwa kwa masharti ya CIF Mombasa, yaani bei inayojumlisha mzigo, bima na nauli hadi Mombasa, vikavunjika baharini kabla ya meli kutia nanga Kilindini, na mtahini alitaka kujua hasara ni ya nani baina ya muuzaji na mnunuzi. Mimi niliyelelewa katika nyumba ya wakala wa forodha, ambamo CIF ilitajwa kila siku kama chumvi, nikajaza kurasa tatu nikieleza namna ushuru unavyokokotolewa. Nilichoandika chote kilikuwa sahihi, ila hakikujibu swali.

Ninaanza na kosa hilo kwa kuwa wanafunzi wengi huingia mtego uleule, hata wasiokuwa na jamaa bandarini. Chini ya jina moja la somo kuna sheria za aina tatu. Ya kwanza ni sheria baina ya mfanyabiashara na mfanyabiashara mwenzake, pamoja na benki, bima na kampuni ya meli wanayoitumia. Ya pili ni sheria baina ya mfanyabiashara na serikali inayomtoza ushuru. Ya tatu ni sheria baina ya serikali na serikali, ambayo mfanyabiashara hana hata kiti katika baraza lake. Kabla ya kugusa swali lolote, jiulize nani anamdai nani, na uandike jibu la swali hilo pembeni mwa karatasi. Katika kisa cha vigae, kanuni za Incoterms za 2020, zinazofafanua masharti ya mauzo kama CIF, zinasema kwamba chini ya CIF hatari humhamia mnunuzi pindi mzigo unapopakiwa melini katika bandari ya kuondokea, ingawa nauli na bima hulipwa na muuzaji. Hasara basi ni ya mnunuzi, naye ataifuata kampuni ya bima au msafirishaji, wala si muuzaji. Forodha haikuwa na nafasi katika swali lile.

Hatua ya kwanza ninayopendekeza, kabla hata ya kufungua kitabu cha kiada, ni kutafuta jalada la shehena moja iliyokwisha kutolewa bandarini. Mjini Mombasa si kazi ngumu: karibu kila mwanafunzi ana mjomba, jirani au rafiki katika ofisi ya uwakala wa forodha, na ukiomba kwa adabu nakala zilizofutwa majina na bei, kwa kawaida utapewa. Jalada litakuwa na ankara, orodha ya vifurushi, cheti cha bima, tamko la forodha na hati ya shehena, ile ambayo mawakala huiita bi-eli.

Ikalie hati ya shehena jioni nzima. Upande wa mbele utaona jina la mpakizi, la mpokeaji, la meli, namba ya kontena na namba ya lakiri. Utaona pia maneno yanayosema kwamba mzigo umepokewa ukiwa katika hali njema kwa jinsi unavyoonekana kwa nje, na karibu yake maneno mengine kwamba kontena "linasemekana" kuwa na vitu kadha wa kadha. Sentensi hizo mbili fupi zimezaa kesi nyingi, kwa maana msafirishaji anakiri kwa mkono mmoja na kujivua kwa mkono wa pili: ameliona kontena, hakuona kilichomo. Kisha angalia nafasi ya mpokeaji. Ikiwa imeandikwa jina la mtu peke yake, karatasi hiyo haihamishiki kwa mwingine kwa kutiwa sahihi mgongoni. Ikiwa imeandikwa kwamba mzigo utolewe kwa amri ya fulani, basi karatasi yenyewe yaweza kuuzwa au kuwekwa rehani benki mzigo ukiwa bado katikati ya bahari. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini vitabu husema kwamba hati hii ni stakabadhi, ni ushahidi wa mkataba wa usafirishaji, na ni hati ya umiliki kwa wakati mmoja. Geuza nyuma usome maandishi madogo, ukitafuta kifungu kinachotaja ni kanuni zipi zinazotawala usafirishaji huo.

Kifungu hicho kitakupeleka kwenye fumbo zuri la sheria ya Kenya. Sheria yetu ya Usafirishaji wa Bidhaa kwa Bahari, Sura ya 392, imebeba Kanuni za Hague za 1924, ambazo humsamehe msafirishaji kwa makosa ya nahodha na mabaharia katika kuiongoza meli. Hata hivyo Kenya ilijiunga mwaka 1989 na Kanuni za Hamburg za 1978, zilizoufuta msamaha huo, na Ibara ya 2(6) ya Katiba ya 2010 inatamka kwamba mkataba ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria ya Kenya. Usikimbilie jibu la mkato kuhusu kanuni zipi zinamfunga msafirishaji; mhadhiri mzuri atataka kuona unavyopima hoja za pande zote mbili. Fumbo jingine la jirani: Uganda ni mwanachama wa Mkataba wa Vienna wa 1980 kuhusu mauzo ya kimataifa ya bidhaa, lakini Kenya si mwanachama. Kwa hiyo muuzaji wa Mombasa anayefanya mkataba na mnunuzi wa Kampala anaweza kujikuta chini ya Mkataba huo ikiwa sheria ya Uganda ndiyo inayotawala mkataba wao.

Sheria ya aina ya pili, ya mfanyabiashara na forodha, isome kwa kalamu na kikokotoo. Chukua mfano wa mzigo ulionunuliwa kwa FOB, yaani bei isiyo na nauli wala bima, kwa dola 20,000, nauli ya meli ikiwa dola 1,800 na bima dola 200. Ingawa mkataba ni wa FOB, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 huongeza nauli na bima, na thamani ya forodha inakuwa dola 22,000. Bidhaa ikiwa katika ngazi ya asilimia 25 ya Ushuru wa Pamoja ambao nchi za Jumuiya hutoza bidhaa za kutoka nje, ushuru wa forodha pekee ni dola 5,500, kabla ya VAT na tozo nyingine. Ngazi zenyewe ni sifuri, 10, 25 na, tangu Julai 2022, asilimia 35. Bidhaa huwekwa katika ngazi yake kwa namba ya uainishaji, ambayo tarakimu zake sita za mwanzo hutumika takriban ulimwengu mzima, na migogoro mingi ya forodha huzuka hapo. Ingia kwenye tovuti ya Kenya Law, ambako hukumu husomwa bure, utafute maamuzi ya Baraza la Rufaa za Kodi kuhusu uainishaji na uthaminishaji. Soma mawili kwa juma. Zaidi ya hapo yataanza kufanana.

Sheria ya aina ya tatu ndiyo inayowatisha watu, nadhani kwa sababu hufundishwa kuanzia historia badala ya maandiko. Yatosha kujua kwamba Mkataba wa GATT, yaani Mkataba wa Jumla wa Ushuru na Biashara, ulitiwa sahihi Geneva mwaka 1947, na kwamba Shirika la Biashara Duniani lilianza kazi tarehe 1 Januari 1995, Kenya ikiwemo tangu siku hiyo. Kisha shika ibara sita za GATT hadi uweze kuzieleza bila kutazama. Ibara ya I inakataza kubagua baina ya nchi moja na nyingine. Ya III inakataza kuibagua bidhaa ya kigeni ikishaingia sokoni. Ya V inalinda uhuru wa kupitisha mizigo, na kila lori la Kampala au Kigali linalotoka Changamwe ni mfano wake. Ya XI inazuia marufuku na viwango vya idadi. Ya XX inataja visingizio vinavyokubalika, kama afya na maliasili. Na ya XXIV ndiyo inayoruhusu umoja wa forodha kama wetu wa Afrika Mashariki, ambao bila hiyo ungevunja Ibara ya I.

Kwa kesi, anza na ile ya vileo vya Japani ya mwaka 1996. Japani ilitoza vodka kodi kubwa kuliko shochu, kileo cha nyumbani, na swali likawa kama vileo hivyo ni bidhaa zinazofanana. Baraza la Rufaa la Shirika la Biashara Duniani lilisema kwamba dhana ya kufanana ni kama kodiani, hupanuka na kubana kulingana na mahali inapotumika, mfano ambao mtu wa Pwani aliyekaa karibu na wapiga taarabu hapati shida kuuelewa. Soma kwa utaratibu huu: kwanza maneno ya ibara, pili hatua iliyochukuliwa na serikali, tatu dai, na mwisho kabisa hoja za waamuzi. Ukianza na hoja utazama. Kumbuka pia kwamba Baraza hilo limeshindwa kusikiliza rufaa mpya tangu Desemba 2019, baada ya Marekani kuzuia uteuzi wa wajumbe; ripoti zake za zamani bado husomwa na kutegemewa, lakini swali la "nani atatekeleza?" sasa huulizwa katika mitihani kwa uzito zaidi.

Kuhusu lugha, madaftari yangu niliyaandika kwa Kiswahili ingawa mtihani ni wa Kiingereza, kwa sababu jambo nisiloweza kumweleza mamangu nilikuwa sijalielewa. Siku zisizo na mihadhara, hudhuria Mahakama Kuu ya Mombasa inaposikiliza mashauri ya meli, ambayo mamlaka yake yametokana na kifungu cha 4 cha Sheria ya Mahakama. Vikao huwa wazi kwa umma. Fika mapema, keti nyuma, na ukisikia mawakili wakibishania hati ya shehena, toa ile nakala yako uifuate mstari kwa mstari.