Somo: Kutoa sauti kwenye Raspberry Pi 4, kwenye sabufa na kwenye TV

Somo hili ni la Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja) yenye Raspberry Pi OS toleo la Bookworm, lile lililotoka Oktoba 2023. Mwenye Pi 3 atafuata karibu yote. Mwenye Pi 5 au Zero aruke kwanza hadi swali la mwanzo huko chini, maana bodi hizo hazina tundu la hedifoni kabisa.

Wengi wakikuta kimya huanzia mwisho: wanafungua VLC, wanageuza kila kitufe, wanafuta na kuipakia upya, halafu wanabandika mistari kutoka kwenye maelezo ya zamani. Sauti ina ngazi zake. Chini kabisa draiva ya keneli, yaani kiini cha Linux, inaitambua kadi ya sauti. Juu yake ALSA, mfumo wa sauti wa Linux, inaipa kadi hiyo jina. Kama unatumia toleo lenye madirisha, kuna PipeWire inayoamua programu gani isikike wapi. Programu yako ipo juu kabisa. Tutapanda kutoka chini, na kila tunapofika tutaiita kadi kwa jina, si kwa namba. Sababu utaiona hatua ya pili.

Hatua ya 1: Waya

Tundu la 3.5 mm la Pi, tangu Model B+ ya 2014, linabeba sauti na picha kwa pamoja. Pini yake ina sehemu nne: ncha ni sauti ya kushoto, pete ya kwanza ni ya kulia, pete ya pili ni ardhi, na shina ni picha. Waya wa kawaida wa sabufa, wenye 3.5 mm upande mmoja na nyekundu na nyeupe upande wa pili, unafaa bila tatizo, kwa sababu shina lake linagusa ardhi. Wa kuogopa ni ule wa vichwa vitatu, nyekundu, nyeupe na njano, uliotoka kwenye kamera ya zamani. Baadhi yake ardhi imewekwa sehemu nyingine, kwa hiyo spika moja inapiga na nyingine inatoa mngurumo tu. Ukikuta hivyo usihangaike na amri yoyote, badilisha waya.

Kwa TV, Pi 4 ina matundu mawili ya micro HDMI. Lililo jirani na tundu la chaja ndilo HDMI0, tumia hilo. Na hakikisha kioo chenyewe kina spika, maana monita nyingi za ofisini hazina.

Hatua ya 2: Je, kadi inaonekana?

Fungua terminali uandike:

    aplay -l

Kwenye Pi 4 utapata kitu kama hiki:

    card 0: Headphones [bcm2835 Headphones], device 0: ...
    card 1: vc4hdmi0 [vc4-hdmi-0], device 0: ...
    card 2: vc4hdmi1 [vc4-hdmi-1], device 0: ...

Angalia neno linalofuata baada ya namba: `Headphones`, `vc4hdmi0`. Hayo ndiyo majina. Namba hutolewa kwa kadri kadi zinavyojitokeza mashine inapowaka. Leo chomeka kadi ya USB, kesho washa upya, na iliyokuwa 1 inaweza kuwa 2. Maelezo mengi yanakwambia uandike `hw:1,0`, inapiga siku hiyo, kisha umeme unakatika na kurudi na sauti inahamia kwenye TV iliyozimwa. Jina halihami.

Kama `Headphones` haipo kwenye orodha, fungua faili la mipangilio:

    sudo nano /boot/firmware/config.txt

Hakikisha mstari `dtparam=audio=on` upo na hauna alama ya # mbele yake. Kama zilizopotea ni zile za HDMI, tafuta mstari wa `dtoverlay=vc4-kms-v3d` uone kama mtu hajaongeza `,noaudio` mwishoni. Hifadhi, washa upya. Kwenye matoleo ya kabla ya Bookworm faili hili lilikuwa `/boot/config.txt`.

Na kama orodha yote ni tupu lakini ukiandika `sudo aplay -l` kadi zinatokea, basi mtumiaji wako hayumo kwenye kundi la sauti. Andika `sudo usermod -aG audio $USER`, kisha toka na uingie tena.

Hatua ya 3: Jaribu kadi moja moja

    speaker-test -D sysdefault:CARD=Headphones -c 2 -t wav -l 1

Utasikia mtu akitaja kushoto kisha kulia kwa Kiingereza. Kwa TV, weka `vc4hdmi0` mahali pa `Headphones`.

Hapa kuna mtego. Ukijaribu HDMI kwa `hw:CARD=vc4hdmi0`, au hata `plughw`, utaambiwa aina ya sampuli haipatikani, na utadhani TV imekufa. Draiva hiyo inapokea sauti ikiwa imefungwa kwa mtindo wa IEC958 tu, na `sysdefault` ndiyo inayopitia njia ya kuifunga hivyo. Kwa hiyo shika `sysdefault`.

Ukisikia sauti hapa, kifaa na draiva ni vizima. Kilichobaki ni mipangilio tu.

Hatua ya 4: Kiwango cha sauti

Andika `alsamixer`, bonyeza F6, chagua bcm2835 Headphones. Chini ya nguzo ukiona MM, kadi imefungwa mdomo. Bonyeza M iwe 00. Panda kwa mshale hadi 85 hivi, toka kwa Esc, kisha `sudo alsactl store` ili ikumbuke. Kwa HDMI, rimoti ya TV inatosha.

Hatua ya 5: Kuchagua kadi ya kudumu

Kwenye toleo lenye madirisha, bonyeza kitufe cha kulia juu ya alama ya spika pale kwenye kona, uchague. Ukipenda terminali, `wpctl status` itakuonyesha orodha, na `wpctl set-default` ikifuatwa na namba ya kifaa itakichagua. Ndiyo, hapa ni namba, lakini usiogope: mfumo wenyewe unakumbuka kwa jina.

Kwenye toleo la Lite lisilo na madirisha, tengeneza faili `/etc/asound.conf` lenye mistari miwili:

    defaults.pcm.!card Headphones
    defaults.ctl.!card Headphones

Usiisahau ile alama ya mshangao. ALSA imeshaandika mahali hapo thamani ya namba, na bila alama hiyo itakataa kupokea jina. Kisha jaribu bila kutaja kadi:

    aplay /usr/share/sounds/alsa/Front_Center.wav

Hatua ya 6: Mikwaruzo na mngurumo

Tundu la hedifoni la Pi halina chipu maalumu ya sauti. Sauti inatengenezwa kwa kuwasha na kuzima umeme haraka sana kisha kuchujwa, kwa hiyo usitarajie usafi wa studio. Lakini makelele mengi watu wanajitengenezea wenyewe: wanashusha Pi hadi 30 halafu wanafungulia sabufa yote. Hapo sabufa inakuza ule mvumo wa chini pamoja na muziki. Fanya kinyume, Pi juu, sabufa chini. Mvumo ukibaki, ongeza `disable_audio_dither=1` kwenye config.txt.

Mngurumo mzito usiobadilika hata muziki ukisimama ni jambo lingine: ardhi ya chaja na ardhi ya sabufa zinazungukana. Jaribu kuiwasha Pi kwa pawabenki kwa dakika moja. Ukipotea, umempata mchawi. Nunua kitenganishi cha ardhi cha 3.5 mm, au chomeka vyote kwenye eksitensheni moja uone. Wakati huo huo andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu likiwa si `throttled=0x0`, kuna uwezekano mkubwa chaja yako ni dhaifu. Pi 4 inataka volti 5.1 na ampia 3, na chaja nyingi za simu hazifiki hapo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mimi nina Pi 5. Tundu la hedifoni liko wapi?

Halipo, waliliondoa. Una njia tatu: HDMI, kile kikadi kidogo cha USB chenye tundu la spika, au bodi ndogo ya sauti iitwayo PCM5102A. Cha USB ni rahisi mno, unachomeka tu, unaangalia jina lake kwenye `aplay -l` na kuendelea na hatua ya 3. Ila kama unasikiliza muziki kwa makini, chukua PCM5102A. Waya wa BCK unaenda pini ya 12 ya Pi, LCK pini ya 35, DIN pini ya 40, na SCK unaiunganisha na ardhi. Kisha ongeza `dtoverlay=hifiberry-dac` kwenye config.txt na uwashe upya. Njia hii inafaa hata kwenye Zero na Pi 4, na tofauti na tundu la Pi utaisikia bila kuambiwa.

Habari fundi. Nimeweka Pi shuleni ipige kengele kwa cron (kipangaratiba cha Linux). Nikiandika amri mwenyewe inapiga, saa ikifika kimya. Kosa liko wapi?

Mwalimu, bila shaka umeweka toleo lenye madirisha. PipeWire inaishi ndani ya kikao cha mtumiaji aliyeingia, na cron inafanya kazi nje ya kikao hicho, kwa hiyo haijui pa kuipata. Juu kabisa ya crontab yako (faili la ratiba ya cron) weka `XDG_RUNTIME_DIR=/run/user/1000` (1000 ni mtumiaji wa kwanza, hakikisha kwa `id -u`), kisha andika `sudo loginctl enable-linger` ikifuatwa na jina la mtumiaji, ili kikao kiwepo hata kama hakuna aliyeingia. Binafsi kwa kengele ningeweka Lite, haina PipeWire na haina cha kukatika katikati. Amri yenyewe, ya saa nne na nusu asubuhi Jumatatu hadi Ijumaa:

    30 10 * * 1-5 /usr/bin/aplay -q /home/shule/kengele.wav

aplay haichezi MP3. Kama faili lako ni MP3, weka mpg123.

Halafu kuna jambo hukuuliza lakini litakufika. Pi 4 haina saa yenye betri. Umeme ukikatika na shule haina intaneti, ikiwaka inaanza kuhesabu pale ilipohifadhi saa mara ya mwisho, na mapumziko yanachelewa kwa muda ule wa giza, au zaidi. Nunua kimoduli cha saa cha DS3231 chenye betri ya kidonge, ongeza `dtparam=i2c_arm=on` na `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` kwenye config.txt, kisha uondoe kifurushi cha `fake-hwclock`.

Umeme ukirudi, Pi inawaka yenyewe lakini TV inabaki imezimwa. Nikiiwasha TV baadaye, hakuna picha wala sauti hadi niwashe Pi upya. Nimeshaweka hdmi_drive=2 na haikusaidia.

Haiwezi kusaidia. Mstari huo ulikuwa wa draiva ya zamani. Ukiwa na `vc4-kms-v3d` unapuuzwa, ingawa bado umejaa kwenye maelezo ya watu. Pi inaiuliza TV inaweza nini pale inapowaka, na TV iliyolala haijibu. Fungua `/boot/firmware/cmdline.txt` na mwishoni mwa mstari uliopo, baada ya nafasi moja, ongeza `video=HDMI-A-1:1920x1080@60D`. Usibonyeze Enter, faili hilo lote lazima libaki mstari mmoja, la sivyo mashine inaweza isiwake.

Spika ya Bluetooth inakatakata kwenye Pi 3 yangu, ila kwenye simu iko poa.

Bluetooth na Wi-Fi ya 2.4 GHz zinagombania antena moja kwenye bodi hiyo. Tumia waya wa mtandao uone. Ikitulia, umepata jibu. Mwenye 3B+ au Pi 4 anaweza kuhamia Wi-Fi ya 5 GHz.

Shikamoo mkuu. Matangazo yangu kupitia HDMI yanamezwa mwanzo. Nimerekodi "Ndugu abiria", inasikika "biria".

Marahaba. TV na amplifaya nyingi hujinyamazisha zisipopokea sauti, na huchukua muda kidogo kuamka. Wape ukimya wa kuamkia:

    sudo apt install sox
    sox tangazo.wav tangazo2.wav pad 1 0

Hiyo inaongeza sekunde moja tupu mwanzoni. Bado ikimeza, weka 2.