Kunyanyua mashine ya kukerezea chuma kwa kreni: tafuta upande mzito kwanza

Ukipima urefu wa mashine kwa futi, ukagawanya mara mbili na kufunga mikanda ya kunyanyulia hapo, umeshakosea. Mashine hii, tuseme ya tani 4 inayotolewa karakana ya Industrial Area, Nairobi, ina mota na gia upande wa kichwa. Mkia ni mwepesi. Ndoano ikae juu ya kitovu cha uzito, yaani pale uzito unaposawazika, ambacho kiko karibu na kichwa.

Hatua ya 1. Soma uzito kwenye kibao cha mashine. Mwenye mashine akikwambia "ni kama tani tatu hivi", msikilize, halafu kasome kibao. Opereta naye aangalie jedwali la uzito ambao kreni yake inaweza kubeba, kwa kuwa kreni ya tani 25 haibebi tani 25 ikishanyoosha mkono.

Hatua ya 2. Kagua ardhi. Udongo mweusi wa Embakasi ukilowa humeza miguu ya kreni, kwa hiyo tandika mbao nene. Tazama na nyaya za umeme juu.

Hatua ya 3. Kagua mikanda. Wa kijani hubeba tani 2, wa manjano 3, wa kijivu 4. Uliochanika au uliopoteza lebo, ukate kabisa, la sivyo kesho utaukuta kazini tena. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya 2007 inataka minyororo, kamba na vifaa vya kunyanyulia vikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa kila miezi sita.

Hatua ya 4. Hesabu pembe. Hapa ndipo wengi huponzwa. Mikanda miwili ikisimama wima, kila mmoja unabeba tani 2. Ikilala hadi nyuzi 60 kutoka mlalo, kila mmoja unavutwa kwa tani 2.3, kwa nyuzi 30, tani 4 nzima! Na hiyo ni kama uzito umegawanyika sawa. Kwetu, mkanda wa kichwani unabeba zaidi. Mimi sishuki chini ya nyuzi 60. Paa likiwa chini, natumia boriti ya kutanua mikanda ili isilale.

Hatua ya 5. Sogeza kibebea kisu na kile kipande cha mkiani kinachoteleza mbali na kichwa, uvikaze. Vinasaidia kusawazisha. Pitisha mikanda chini ya kitanda cha mashine, kamwe si kwenye skrubu ndefu wala spindo (mhimili unaozungusha chuma), na uweke kinga penye kona kali.

Hatua ya 6. Nyanyua sentimita 10, simama. Ikiinama, ishushe, sogeza mikanda, jaribu tena. Nimewahi kuona vijana wawili wakipandishwa mkiani "kuiweka sawa". Niliondoka pale na mikanda yangu.

Hatua ya 7. Mtu mmoja tu aelekeze opereta kwa mikono, ingawa "simama" yaweza kutolewa na yeyote. Mzigo uongozwe kwa kamba kutoka mbali. Ukitua, legeza kidogo, hakikisha mashine haiyumbi, ndipo ufungue.