Somo: Kuutoa mti mchanga ndani ya gogo linalooza

Wadau, gogo lililoanza kuoza wengi huliona kuni. Kwangu mimi limeshaanza kuchongwa. Dhoruba ya Desemba 1999 iliangusha miti mingi kwenye bustani za Versailles, Ufaransa. Mchongaji wa Italia, Giuseppe Penone, alichukua mwerezi mmoja mkubwa, akafuata pete moja ya ukuaji (duara ambalo mti huongeza kila mwaka) hadi mti ukaonekana ulivyokuwa ujanani, umesimama ndani ya mwili wake wa uzeeni. Leo tunafanya hivyo kwa mtiki.

1. Tafuta gogo la mita mbili au tatu lililolala chini misimu kadhaa. Pete za mtiki zinasomeka. Mwembe utakutesa bure.

2. Ligonge kwa kisigino cha tezo, yaani upande butu wa shoka la kuchongea. Panapotoa sauti nzito iliyofifia pameoza, panapolia ni kiini, mbao ngumu ya ndani. Mtiki huoza ile sehemu nyeupe ya nje kwanza. Usiikwangue yote! Gogo langu la kwanza nililisafisha likabaki nguzo tu, najuta hadi leo.

3. Liinue juu ya mawe, kivulini, upake nta ncha zote mbili, maana ndizo hukauka haraka na kupasuka. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 20 hivi, kuvu husimama.

4. Kwenye ncha chagua pete ambayo duara lake ni nene kama mkono wako, uipitishe penseli. Fungua upande mmoja kwa tezo, kisha shika patasi. Hapa usiwe na haraka. Pete huanza na vitundu kama vya sindano, huishia na mbao iliyoshikana. Macho yako yakae kwenye mstari huo. Ukikuta kifundo, simama: hilo ni tawi. Chonga kulizunguka, ulifuate linakoelekea nje.

Maswali ya wadau

– Fundi, na mchwa?
Sanamu isiguse udongo. Isimamishe juu ya zege, uikague kila wiki.

– Shikamoo fundi. Mimi nachonga mpingo, itawezekana?
Marahaba mwanangu. Pete za mpingo ni ngumu kuziona, ila una mpaka wa weupe na weusi. Fuata huo.

– Kaka, mti umeshakufa, uhai mpya uko wapi?
Rudi kwenye kisiki, ndugu yangu. Mtiki ukikatwa huchipua. Punguza machipukizi, ubakize moja lililonyooka, na sanamu uisimamishe hapo karibu.