Maua ya njano Kilimanjaro: tazama katikati ya ua

Ukipita njia ya Marangu, ukiuacha msitu wa Mandara (karibu mita 2,700) kuelekea Horombo, utakutana na vichaka vyenye maua ya njano. Wengi huviita vyote kwa jina moja. Usitegemee rangi, inama ulitazame ua kwa karibu.

Ukiona petali tano pana, na katikati nyuzi nyingi za njano zilizosimama kama brashi, hiyo ni Hypericum revolutum. Hakikisha kwa jani: bila kulichuma, liangalie jua likiwa nyuma yake, utaona vitone vidogo vinavyopitisha mwanga. Mimi hupenda sana hatua hii, kwani jani hilo halidanganyi hata maua yakiwa yamepukutika.

Ua likifanana na alizeti ndogo, lina kitovu cha njano kilichozungukwa na miale, na majani ni membamba kama sindano yaliyosongamana kwenye tawi, hiyo ni Euryops dacrydioides. Hii haioti porini popote duniani ila Kilimanjaro.

Na ua likiwa kavu, linakwaruza kidoleni kama karatasi, hilo ni kundi la Helichrysum.

Piga picha ya ua na jani pamoja. Usichume, ni hifadhi.